SASHE ZA SOKONI NA AFYA YA NYUMBA YAKO
Somo kwa wamama wa kliniki

Mama mpenzi, fikiri kidogo juu ya jana. Uliporudi kutoka soko, ulikuwa na sashe ngapi? Moja ya chumvi, moja ya sukari, moja ndogo iliyofungwa fundo yenye mafuta ya kupikia, moja ya ndagala, moja ya nyanya, na juu ya zote ile nyeusi kubwa yenye mikono miwili, iliyobeba nyingine zote. Hizo ni sashe 6. Ukifanya hivyo kila siku, kwa mwezi wa siku 30 ni sashe 180. Kama katika lupango lenu kuna nyumba nne, ni 720 kwa mwezi mmoja, lupango moja tu. Sasa niambie: ziko wapi?

Wamama wengi wakiulizwa swali hili wanacheka kwanza, halafu wananyamaza. Nyingine ziko katika mfereji mbele ya nyumba. Nyingine zimeingia chooni. Nyingine zimechomwa kwenye mbabula asubuhi. Nyingine zimefukiwa katika udongo wa shamba la sombe nyuma ya nyumba, na hapo zitakaa. Karatasi inaoza, jani la ndizi linaoza, hata kitambaa cha pamba kinaoza. Sashe haiozi. Inakatika vipande, vipande vinakuwa vidogo zaidi, lakini ni plastiki ile ile. Mjukuu wako atakapolima pale, jembe lake litazikuta.

Somo hili si la kukugombeza. Hata sisi wauguzi tunanunua sokoni kama ninyi. Ni somo la kuonyesha mahali ambapo sashe inagusa mwili wa mtoto wako, na kueleza sheria inasema nini, maana wengi wamesikia kwamba sashe zilikatazwa na hawaelewi kwa nini zinauzishwa bado.

SASHE SI KITU CHA ZAMANI

Bibi zetu walikwenda soko na kitunga. Unga ulibebwa katika beseni, samaki katika majani, mafuta katika chupa iliyozibwa kwa kigunzi cha mahindi. Hakuna aliyesema kwamba wanapata taabu. Sashe ile yenye mikono miwili, ambayo sisi tunadhani ilikuwapo tangu mwanzo wa dunia, ilibuniwa na fundi mmoja wa Uswedi, Sten Gustaf Thulin, na kampani yake iliiandikisha mwaka 1965. Ni kusema kuna wamama kati yenu walio wakubwa kuliko sashe.

Ilipendwa kwa sababu tatu: ni nyepesi, haipitishi maji, na inatolewa bure au kwa pesa kidogo sana. Ni sababu za kweli, na yeyote anayewaambia wamama waiache bila kuzikumbuka sababu hizo hajawahi kubeba ndagala mbichi siku ya mvua.

MTOTO MDOGO NA SASHE

Hapa ninataka usome pole pole, na kama hujui kusoma vizuri, mwenzako akusomee mara mbili.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hajui kujitoa sashe usoni. Sashe nyembamba ikigusa pua na mdomo uliolowa mate, inanata. Mtoto akivuta pumzi, inavutwa ndani na kuziba. Hawezi kulia, kwa hiyo wewe uliye nje unafua nguo husikii kitu. Dakika chache zinatosha kuharibu ubongo, na zikizidi kidogo mtoto anakufa. Haihitaji sashe kubwa. Mkubwa kidogo wa miaka miwili au mitatu naye anaivaa kichwani kama kofia ili dada yake acheke.

Kuna desturi tatu za nyumbani ambazo wamama wanafanya kwa nia njema, nazo ni za hatari.

Ya kwanza ni kutandika sashe juu ya godoro ili mkojo wa mtoto usiingie ndani. Mtoto akijigeuza usiku, uso wake unalala juu ya plastiki. Afadhali godoro likojolewe, asubuhi ulitoe juani. Kama una kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne, kitandike hicho.

Ya pili ni kumpa mtoto sashe achezee kwa sababu inatoa sauti na anaipenda. Kweli anaipenda. Mpe kifuniko cha sufuria, nacho kinatoa sauti.

Ya tatu ni kufunga sashe juu ya nepi ya kitambaa ili nguo yako isilowe unapombeba mgongoni. Hiyo haimzibi pumzi, lakini mkojo na jasho vinafungwa humo na ngozi inachubuka. Tunawaona kliniki watoto wenye vidonda vyekundu mapajani na katika mikunjo ya miguu, na mama anatuambia ameweka mafuta ya kila namna bila kupona. Mfungue kwanza. Ngozi ikipata hewa, inaanza kupona yenyewe.

Ukikuta mtoto amezibwa na sashe, itoe mara moja, angalia mdomoni kama kuna kipande kimebaki, ukitoe kama unakiona. Kama hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu kidogo, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, pulizia pole pole mara 5, kiasi cha kuona kifua kinainuka tu. Usipulize kwa nguvu kama unavyowasha moto, mapafu yake ni madogo. Kama bado hajajitikisa wala kupumua, kandamiza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 30 haraka haraka, halafu pumzi 2, na kuendelea hivyo huku mwenzako anatafuta pikipiki au motokari ya kuwaleta hospitali. Wanafunzi wetu wa uuguzi wana mtoto wa bandia. Omba wakuonyeshe siku ya kupima watoto, usione haya.

MOSHI WA ASUBUHI

Makala yakiwa na unyevu yanakataa kuwaka. Mama ana haraka, watoto wanataka chai kabla ya kwenda masomo, naye anachukua sashe mbili tatu, anaziwasha chini ya makala. Zinadondoka moto, tii tii tii, na makala yanashika. Kila asubuhi ukipita katika avenue zetu unasikia harufu ile.

Moshi ule si sawa na moshi wa kuni. Una masizi membamba sana yanayoshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, una gesi ya sumu inayochukua nafasi ya hewa nzuri katika damu, na kama katikati ya sashe kuna plastiki ya namna nyingine, kwa mfano kipande cha viatu, ngozi ya waya wa umeme au bomba la maji, unatoka sumu nyingine mbaya zaidi, ambayo inabaki katika mafuta ya mwili kwa miaka. Wewe huwezi kuzitenganisha plastiki hizo kwa macho.

Nani anauvuta zaidi? Ni yule uliyemfunga mgongoni. Uso wake uko karibu na mabega yako, wewe umeinama juu ya mbabula. Halafu yule aliye tumboni, maana unachovuta wewe kinapita katika damu yako. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba moshi wa majikoni, wa kuni, makala na mafuta, uliua watu karibu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa chini ya miaka 5. Hiyo ni hesabu ya moshi wa kupikia peke yake. Tukiongeza plastiki juu yake tunaongeza sumu juu ya sumu.

Wamama wanatuuliza: “Sasa tutawasha na nini?” Swali zuri. Magunzi ya mahindi yaliyokauka yanawasha makala vizuri kabisa. Vipande vyembamba vya mbao kutoka kwa seremala pia, mara nyingi anavitoa bure. Jioni weka makala ya kesho ndani ya nyumba, mahali pakavu, usiyaache nje kwenye umande. Na washa mbabula nje, uiache mpaka moshi uishe ndipo usogeze karibu. Usiiingize ndani ya chumba cha kulala hata kama ni baridi ya mwezi wa sita. Tumeshazungumza habari hiyo katika somo lingine, na watu wamekufa kwa hiyo hapa hapa mjini.

CHAKULA CHA MOTO NA MAJI YA SASHE

Wamama wengine wanafunika sufuria ya wali au ya maharage kwa sashe ili mvuke usitoke na makala yasiishe upesi. Wazo la kuhifadhi moto ni jema, chombo ndicho kibaya. Sashe nyeusi mara nyingi inafanywa kwa plastiki kuukuu iliyoyeyushwa tena, na huwezi kujua plastiki ile ilikuwa ya nini kwanza. Ikipata mvuke na mafuta, vitu vilivyomo vinatoka na kuingia katika chakula. Tumia kifuniko, na kama kifuniko kimepotea, sahani ya chuma inatosha. Vivyo hivyo mikate iliyotoka katika mafuta ya moto: usikubali ikutiwe moja kwa moja katika sashe. Nenda na sahani yako au bakuli. Muuzishaji atakucheka siku ya kwanza, siku ya tatu amezoea.

Mwaka 2021 waganga wa Italia waliandika kwamba walipima kondo la nyuma la wamama 6 waliojifungua, na katika 4 walikuta vipande vidogo vya plastiki visivyoonekana kwa macho. Vinaleta ugonjwa gani kwa mtoto, uchunguzi unaendelea, na mimi sitaki kuwatia wamama wajawazito hofu ya bure. Ninataka tu ujue kwamba plastiki inafika hata pale.

Na yale maji ya baridi yanayouzishwa katika sashe barabarani? Angalia mambo mawili. Sashe iliyofungwa kwa mashine ya kiwanda na ile iliyofungwa fundo kwa mkono si kitu kimoja. Ya fundo imejazwa na mtu, kutoka ndoo ambayo hukuiona, na pengine ameipulizia kwa mdomo ili ifunguke. Pili, hata ikiwa ya kiwanda, nje yake imeshikwa na mikono mingi, imelala katika beseni lenye barafu iliyoyeyuka, nawe unaikata kona kwa meno! Mtoto wako akiharisha jioni, utasema ni meno yanaota. Maji ya mtoto chemsha nyumbani, au tia dawa ya klorini jinsi karatasi yake inavyosema, uyabebe katika chupa safi yenye kifuniko.

MFEREJI UKIZIBA

Mvua zetu za Lubumbashi zinaanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka wa tatu au wa nne. Mvua kubwa ya kwanza inapopiga, inafagia kila kitu kilichotupwa tangu mwezi wa tano. Sashe zinakwenda pamoja mpaka mahali mfereji unapokuwa mwembamba, chini ya daraja dogo la kuingilia lupango, na hapo zinakamatana na mchanga kama kizibo katika chupa. Maji hayana njia. Yanapanda, yanaingia uani, yanaingia chooni, yanatoka na uchafu wa chooni, halafu yanaingia kisimani. Kesho yake maji ya kisima ni meupe kama kawaida, na mama anateka.

Hivyo ndivyo kuhara kunavyoingia katika nyumba safi, ambayo mwenyewe anafagia kila asubuhi. Mwaka 2008 kipindupindu kiliingia Lubumbashi na Likasi, na wazee wa kazi hapa wanakumbuka wagonjwa walivyolala mpaka chini. Sisemi kwamba sashe ndiyo mama wa kipindupindu. Mdudu wake anatoka katika mavi ya mgonjwa. Lakini anahitaji maji ya kumbeba, na mfereji uliozibwa unamtengenezea barabara. Na mtu akijisaidia katika sashe usiku, kwa kuogopa kutoka nje, halafu akaitupa juu ya ukuta, amembeba mwenyewe mpaka kwa jirani.

Tena maji yakisimama, mbu anataga. Sashe moja iliyolala wazi nyuma ya nyumba, yenye maji ya mvua ya vikombe viwili, inatosha kulea mbu wengi. Na sashe zikitupwa chooni hazishuki, hazinyonywi na udongo. Shimo lililopaswa kuwatumikia miaka kumi linajaa mapema, na mnachimba lingine kwa pesa ambayo mngenunulia chandarua.

Si sisi peke yetu. Katika nchi ya Bangladesh, mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998 yalionyesha kwamba sashe nyembamba zilikuwa zimeziba mifereji ya mji. Mwaka 2002 serikali yao ikazikataza, nayo ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

SHERIA INASEMA NINI

Katika nchi yetu, tarehe 30 Desemba 2017, Waziri Mkuu Bruno Tshibala alitia sahihi dekreti namba 17/018. Dekreti hiyo inakataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuzisha na kutumia sashe na vifungio vingine vya plastiki kwa kuuzishia chakula, maji na vinywaji. Wenye viwanda na wafanyabiashara walipewa miezi 6 ya kujitayarisha, na katikati ya mwaka 2018 ilipasa kuanza kufuatwa.

Mama, wewe mwenyewe unajua kilichofuata. Siku chache watu waliogopa kidogo, halafu sashe zikarudi mezani kama hazikuwahi kuondoka. Leo unazipata katika kila soko na kila magazini.

Wengine wanasema Mwafrika hawezi kuacha sashe. Si kweli hata kidogo. Rwanda ilizikataza kwa sheria ya mwaka 2008, na leo ukivuka kutoka Goma kwenda Gisenyi, wanakagua mzigo wako mpakani na sashe inabaki pale. Kuna wamama wa mpakani waliokamatwa wakizificha chini ya vitenge kwa sababu upande wa pili zimekuwa mali ya magendo, fikiri! Zanzibar walianza mwaka 2006. Kenya walianza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yao ni kali sana: kifungo mpaka miaka 4, au faini mpaka shilingi milioni 4 za kwao. Tanzania bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Zambia, jirani yetu wa Kasumbalesa, walitoa kanuni zao mwaka 2018 juu ya sashe nyembamba. Ireland, kule Ulaya, hawakukataza. Mwaka 2002 waliamuru kila mnunuzi alipie senti 15 kwa kila sashe dukani, pesa iende kwa serikali, na watu wakaacha kuzichukua karibu zote. Katika kila kumi zilibaki kama moja.

Kwa nini huko iliwezekana na kwetu bado? Uganda nao walitunga sheria mwaka 2009, na sashe ziliendelea kuuzishwa. Kwa hiyo karatasi peke yake haifagii mfereji. Kwa maoni yangu, penye mafanikio walifanya mambo mawili kwa pamoja. Walianzia kiwandani na mpakani, si kwa mama mwenye meza ya nyanya. Na mnunuzi alipofika dukani alikuta kitu kingine cha kubebea. Kwetu polisi akitaka kuonyesha kwamba anafanya kazi, anamnyang'anya mama wa soko furushi lake la sashe, mtaji wa siku nzima, na kiwanda kinaendelea kunguruma. Hiyo siyo kutunza sheria. Mama akinyang'anywa leo, kesho anakopa kununua nyingine, kwa sababu wateja wanazidai.

KADOGO-KADOGO

Na wateja wanazidai kwa nini? Hapa ndipo shida yenyewe ilipo, na wakubwa waliotunga dekreti hawakufika hapa.

Sisi tunanunua kidogo kidogo. Mwenye mshahara ananunua mafuta bidoni nzima ya lita 5. Yeye hahitaji sashe. Mama anayeishi kwa pesa ya siku ananunua mafuta ya mia tano, sukari ya mia tano, maziwa ya unga ya kikombe kimoja cha chai, na kila kimoja kinafungwa katika kisashe chake. Maskini, kwa kukosa pesa, anapewa sashe nyingi kuliko tajiri. Na yule anayeuzisha naye ni mama kama wewe; usiku anakaa na watoto wake kufunga mafundo.

Basi msifikiri ninasema, acheni kununua kadogo. Ninasema, vyombo vyako viende soko pamoja nawe. Unga huuzishwa kwa meka, na meka inaweza kumwagwa katika mfuko wako wa kitambaa kama inavyomwagwa katika sashe. Chupa ndogo ya mafuta yenye kifuniko, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kurudi soko, maana tone la maji linaharibu mafuta. Kopo la maziwa la zamani kwa sukari, lingine kwa chumvi. Bakuli lenye kifuniko kwa ndagala na nyama. Vyote katika kitunga. Siku ya kwanza utasahau kimoja. Kiweke kitunga karibu na mlango.

Patana na muuzishaji wako kwa maneno mazuri. Mwambie: “Mama, mi niko na chupa yangu, unipimie humu, na ile bei ya sashe uniongezee mafuta kidogo.” Sashe anazinunua kwa pesa yake. Usipochukua yake, amebakiza kitu, na wengi wanakubali kuongeza. Chunga tu kipimo kile kile kitumike, kopo lake lijae mbele ya macho yako, halafu ndipo limwagwe chupani. Tumejua wamama waliodanganywa kwa sababu chupa yao ilikuwa na tako nene.

Nanyi mnaouzisha: weka chakula chako katika beseni lenye kifuniko au chini ya wavu, uuzishe kwa kipimo, na uwe na karatasi safi au majani kwa yule aliyekuja mikono mitupu. Karatasi ya simenti usiitumie kwa chakula, hata ikikung'utwa namna gani. Mama anayejua kushona anaweza kukata gunia la unga lililokwisha na kufanya mfuko wenye mikono. Ni plastiki nayo, ndiyo, lakini inatumika mwaka mzima badala ya dakika kumi. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani vinatosha kufanya vidogo.

Katika lupango lenu, kubalianeni na wapangaji wote juu ya ndoo moja au gunia moja la kutia sashe. Zisichanganywe na maganda ya viazi na majani, hayo yana kazi yake katika shamba. Kabla ya mvua, chagueni jumamosi moja mfungue mfereji wa mbele ya nyumba. Wakubwa kati yenu mnakumbuka Salongo. Wengine walifanya kwa kulazimishwa na wanachukia hata jina lake. Basi msiite Salongo, iteni jina lingine, lakini mfereji ufunguliwe. Anayeingiza mikono mfereji avae viatu, na akimaliza anawe kwa sabuni mpaka viwiko.

Kisha nendeni wamama wanne au watano pamoja kwa chef wa kartie, kwa heshima, mumwulize gari la takataka linapita wapi na siku gani, na gunia lenu mliweke njiani siku hiyo. Mkienda mmoja mmoja mtaambiwa mrudi kesho.

PLASTIKI HOSPITALINI

Wamama wenye macho makali wananiuliza: “Na ninyi hospitalini, mbona mna plastiki kila mahali?” Ni kweli. Sindano inatumika mara moja na kutupwa, mpira wa seromu ni plastiki, glovu pia, na tunazihitaji ili ugonjwa wa mmoja usiende kwa mwingine. Hata sashe yenyewe ina kazi yake njema. Katika hospitali kubwa ya Lusaka waganga walijaribu kumtia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ndani ya mfuko safi wa plastiki, mwili tu, kichwa kikiwa nje, na mwaka 2013 waliandika kwamba watoto wale walitunza joto lao vizuri kuliko wenzao waliofunikwa kwa nguo peke yake. Jambo hilo linafanywa na mkunga, papo hapo mtoto anapozaliwa, naye hamwachi kwa macho. Usilijaribu nyumbani. Nyumbani mtoto mdogo wa namna hiyo anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, mmefunikwa wote wawili kwa kitenge na blanketi.

Tena kuna ile sashe ambayo kila mama anakuja nayo hapa, ile ya kutunzia karti ya mtoto isilowe na mvua. Hiyo endelea nayo. Ipanguse, ikauke, uikunje, uiweke juu mahali mtoto hafiki, uitumie mpaka ipasuke. Karti ikilowa, chanjo zote zilizoandikwa humo hazisomeki tena, na inatupasa kuanza kumwuliza mama tarehe ambazo hawezi kuzikumbuka.